Kazi Ziliongezeka, Mikono Ikapungua

Miaka michache iliyopita, katika usharika wetu hapa Mandewa, tulipitisha faini kwa wanaochelewa mazoezi ya kwaya. Ilikuwa shilingi mia tano. Mazoezi yalianza saa kumi jioni, na aliyefika saa kumi na robo alilipa. Tulidhani tunajenga nidhamu. Baada ya miezi mitatu kwaya ilikuwa inaanza kwa wakati, lakini akina mama watatu wenye watoto wadogo walikuwa hawaonekani tena. Kwenye kikao tulisema wamepoa kiroho, tukaandika majina yao katika orodha ya watu wa kutembelewa.

Tulipowatembelea hatukukuta watu waliopoa. Mmoja tulimkuta saa kumi na moja jioni, mtoto mchanga yuko mgongoni, anafua, maharage yako jikoni, na mtoto wake wa miaka mitatu analia mlangoni. Alitupokea kwa furaha, akatafuta viti, akatuchemshia chai. Tulipotoka tulitambua kwamba tumemwongezea kazi ya saa nzima. Njiani mzee mmoja kati yetu akasema: "Mama yangu alilea watoto wanane, na hakukosa ibada ya Jumapili. Huyu ana wawili tu. Shida iko wapi?"

Hatukuwa na jibu siku ile. Swali lake tulilirudia mara nyingi, na kadiri tulivyozungumza na bibi zetu tuliona kwamba jibu limo ndani ya historia ya nyumba zetu wenyewe. Ndiyo maana tunaandika historia hapa, ingawa kitabu hiki ni cha imani. Tunaamini kwamba usharika usiojua mzigo wa mama umetoka wapi utaendelea kumtoza faini mtu anayestahili kusaidiwa.

Siku kabla ya saa ya ukutani

Wazee wetu hapa Singida, Wanyaturu na majirani zao Wanyiramba, waliishi kwa kilimo na mifugo. Walilima mtama na uwele, walifuga ng'ombe, mbuzi na kondoo, na waliishi kwenye tembe, nyumba zenye paa bapa la udongo. Mvua ilikuwa ya msimu mmoja, kama ilivyo hata leo, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Aliyepoteza wiki mbili za mwanzo wa mvua alikuwa amepoteza chakula cha mwaka. Kwa hiyo kazi ya mama haikuwa ndogo. Alilima, alipalilia, alivuna, alichota maji, alitafuta kuni, na kila siku alipiga magoti mbele ya jiwe la kusagia mpaka unga ukatosha.

Siku ilipimwa kwa jua na kwa kazi. Kulikuwa na wakati wa kukamua, wakati wa ng'ombe kutoka, wakati jua linapokuwa utosini, na wakati ng'ombe wanarudi. Hesabu ya saa ya Waswahili imebaki na tabia hiyo: siku huanza na mapambazuko, na saa moja ni saa ya kwanza ya mwanga. Biblia nayo huhesabu vivyo hivyo. Katika Mathayo sura ya 20 mwenye shamba la mizabibu anatoka kutafuta vibarua saa tatu, saa sita, saa tisa na saa kumi na moja, na msomaji wa Kiswahili haitaji maelezo yoyote. Anajua jua liko wapi.

Jambo tunalotaka lionekane katika picha hii ni mikono. Mama aliyejifungua katika boma la zamani hakuwa peke yake. Mama mkwe alikuwepo. Wake wa ndugu za mume walikuwepo, na katika nyumba nyingi alikuwepo mke mwenza. Binti wa miaka saba au minane alimbeba mdogo wake mgongoni asubuhi nzima huku mama yuko shambani, na mvulana wa umri huo alikwenda na mbuzi. Mwanamke aliyetoka kujifungua alipumzishwa, akapikiwa uji, na kazi zake zikagawanywa kwa wengine.

Biblia inaijua nyumba ya namna hii. Mtoto Musa alipowekwa kwenye kisafina katika mto, aliyesimama kumwangalia kwa mbali alikuwa dada yake. Ruthu alipomzaa Obedi, Naomi alimtwaa mtoto, akamweka kifuani pake, akawa mlezi wake. Hakuna aliyemwita Ruthu mvivu kwa sababu bibi alishika mtoto.

Hatusemi kwamba maisha yale yalikuwa mazuri kuliko ya sasa. Watoto wengi walikufa kwa magonjwa ambayo leo yana chanjo. Binti aliyebeba mdogo wake hakujifunza kusoma. Mke mwenza alikuwa msaada, na mara nyingi alikuwa pia machozi. Tunachosema ni kimoja: kazi zilikuwa nyingi, na mikono ilikuwa mingi.

Mkono wa kwanza kuondoka

Mkono wa kwanza kuondoka ulikuwa wa baba. Serikali ya Wajerumani ilileta kodi ya nyumba katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, na Waingereza waliowafuata waliendelea kuitoza. Kodi ilidaiwa kwa fedha, na fedha haikuota kwenye shamba la mtama. Wengine waliuza ng'ombe. Wengine walikwenda kutafuta kazi ya mkataba kwenye mashamba ya mkonge, na huko waliitwa manamba. Mikoa ya kati ilitoa vibarua wengi wa namna hiyo, na bibi zetu wanakumbuka wanaume waliokaa huko msimu hadi msimu, na wengine ambao hawakurudi kabisa.

Nyumbani mke alibaki na kazi zake na kazi za mume. Ilipobidi kuezua na kutengeneza paa la tembe, alisimamia yeye. Ng'ombe alipougua, aliulizwa yeye. Simulizi za Singida zinamkumbuka Liti, mwanamke aliyewakabili Wajerumani, na uwanja wa mpira wa mjini kwetu unaitwa kwa jina lake. Ni vema. Lakini wanawake waliobaki na watoto wachanga wakati waume wako mkonge hawana uwanja, na sisi ni wajukuu wao.

Tunatoa angalizo moja hapa. Mazoea ya kumwachia mama kila kitu cha nyumbani, ambayo wengine wetu tunayaita "mila zetu," kwa sehemu yalizaliwa wakati huu. Baba alikuwa mbali kwa sababu ya kodi. Kodi ile imekwisha, mkonge umekwisha, lakini katika nyumba nyingi baba bado yuko "mkonge," hata akiwa amekaa sebuleni.

Kengele

Injili ililetwa katika nchi yetu na wamisionari. Kwa upande wa Walutheri, Wajerumani wa Misioni ya Leipzig waliingia Iramba kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Baada ya vita, katika miaka ya 1920, kazi hiyo ilipokelewa na Wamarekani wa Sinodi ya Augustana, ambao walihubiri, wakajenga shule, na huko Kiomboi wakajenga hospitali. Kanisa la Tanganyika ya Kati lililotokana na kazi hiyo lilikuwa moja kati ya makanisa saba yaliyoungana tarehe 19 Juni 1963 na kuwa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri tunalolijua leo. Ndugu zetu Wakatoliki nao walifanya kazi kubwa. Masista Wamisionari wa Matibabu wa Maria walianza hospitali ya Makiungu katika miaka ya 1950, na mama wengi wa Singida, wa madhehebu yote, wamejifungulia pale.

Pamoja na Injili ilikuja kengele. Kengele ya asubuhi, kengele ya darasa, kengele ya ibada. Ilikuja juma la siku saba lenye siku moja ya kupumzika. Hii ilikuwa baraka, kwa maana amri ya Sabato inawataja kwa majina wanaopaswa kupumzika: mwana, binti, mtumwa, mjakazi, ng'ombe, punda na mgeni. Lakini tujiulize kwa unyofu. Katika nyumba ya Mkristo, ni nani hapumziki siku ya Jumapili? Mama anaamka mapema kuliko siku nyingine, anaogesha watoto, anapiga pasi nguo za ibada, anaacha chakula cha wageni kikiwa tayari, anakimbia ibada ya kwanza, anarudi kupika. Punda amekumbukwa katika amri. Mama wa mtoto mchanga tumemsahau sisi.

Misioni pia ilileta picha mpya ya nyumba ya Kikristo. Wasichana walifundishwa kushona, kufuma, kuoka mkate, kutandika vitanda na kupanga meza. Katika miaka ya 1950 vikundi vya wanawake viliongeza masomo ya namna hiyo. Kila fundisho lilikuwa jema. Ila hakuna fundisho jipya lililoondoa kazi ya zamani. Mama aliyejifunza kupiga pasi bado alichota maji. Aliyejifunza kuoka mkate bado alipiga magoti kwenye jiwe la kusagia. Na nyumba ya mke mmoja, ambayo Kanisa liliifundisha kwa haki kabisa, ilikuwa na mtu mzima mmoja pungufu wa kusaidia kazi. Nafasi yake ilitakiwa ijazwe na mume. Hilo halikuhubiriwa kwa sauti ileile.

Uhuru, shule na kliniki

Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 viongozi wa nchi waliona jambo ambalo wengi wetu hatukutaka kuliona. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilisema waziwazi kwamba wanawake wa vijijini wanafanya kazi kuliko watu wengine wote, na likawakemea wanaume wa vijijini kwa saa nyingi wanazopoteza kwa maongezi, ngoma na pombe. Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwananchi wa kijijini maji safi yasiyozidi umbali wa mita 400 kutoka nyumbani. Katikati ya miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini, ili shule, zahanati, mashine ya kusaga na maji viwe karibu. Kwa mama wa Singida mashine ya kusaga ilikuwa ukombozi wa magoti. Maji yalifika baadhi ya sehemu, na sehemu nyingine ndoo iliendelea kusafiri kichwani.

Kisha ikaja shule kwa wote. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliweka lengo, mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikatekelezwa nchi nzima, na sheria ya elimu ya mwaka 1978 ikaifanya kuwa lazima. Hii ndiyo baraka kubwa kuliko zote tunazozitaja hapa. Binti aliyekuwa akibeba mdogo wake mgongoni sasa alibeba daftari. Wengi wetu tunaoandika haya tumesoma kwa sababu ya uamuzi ule, na hatuwezi kuutamani wakati uliokuwa kabla yake. Lakini kwa mama aliyekuwa na mtoto wa miezi sita, siku ile binti yake mkubwa alipoandikishwa darasa la kwanza, mkono mmoja uliondoka nyumbani kuanzia asubuhi hadi alasiri. Mvulana wa mbuzi aliondoka naye.

Wakati huohuo kazi mpya ziliingia. Mwaka 1973 kampeni ya redio ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wazima kwenye vikundi vya masomo, wakajifunza kuchimba vyoo, kufyeka nyasi kuzunguka nyumba na kuchemsha maji. Kliniki ya watoto nayo ilikuja na kalenda yake. Mtoto huchanjwa anapozaliwa, kisha wiki ya 6, ya 10 na ya 14, kisha miezi 9 na miezi 18, na katikati kuna siku za kupima uzito. Tunamshukuru Mungu kwa kila sindano. Tuhesabu tu kwamba kila safari ya kliniki ni asubuhi nzima ya mtu mmoja, na mtu huyo karibu kila mara ni yuleyule.

Mandewa ya leo

Sasa tuje nyumbani. Mandewa ni kata ya Manispaa ya Singida. Hapa kwetu imejengwa hospitali ya rufaa ya mkoa. Wengi wetu tulihamia hapa kutoka vijijini, tukanunua kiwanja, tukajenga chumba kimoja kimoja. Mama mkwe alibaki kijijini na mashamba. Wake wa ndugu za mume wako Dodoma, Arusha au Dar es Salaam. Jirani tunasalimiana, lakini ukuta umepanda.

Mama wa Mandewa anafanya kazi ya mshahara, au ana genge, au anauza nguo za mitumba, au anakwenda kulima alizeti nje ya mji wakati wa mvua, na mara nyingi anafanya mawili kati ya hayo. Mwenye ajira rasmi analindwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004: likizo ya uzazi ya siku 84, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baba siku 3. Mwenye genge hana sheria ya kumlinda. Anarudi kwenye nyanya zake akiwa bado na maumivu, kwa maana nyanya hazisubiri.

Wanaoweza huweka dada wa kazi. Na hapo dhamiri yetu ituulize swali lingine. Yule dada ana miaka mingapi? Alipaswa kuwa darasa la ngapi? Analala saa ngapi? Tusije tukaupumzisha mgongo mmoja kwa kuupinda mwingine ulio mchanga zaidi. Amri ya Sabato inamtaja mjakazi bila kificho.

Juu ya yote hayo tumeweka ya kwetu sisi Kanisa. Jumanne umoja wa wanawake. Jumatano maombi. Alhamisi jumuiya ya nyumba kwa nyumba, pamoja na chai. Jumamosi usafi wa kanisa na kwaya. Jumapili ibada. Katikati kuna misiba, send-off, ubarikio na harambee, na kila mahali panahitajika wapishi. Tukijumlisha, tunamdai mama mwenye watoto wadogo mambo ya boma la zamani, ya nyumba ya misioni, ya kijiji cha maendeleo na ya mji wa leo, yote ndani ya siku ileile ya saa 24, na mikono iliyokuwa ikimsaidia tumeiona ikiondoka mmoja baada ya mwingine.

Tulipofika hapa katika mazungumzo yetu tulimrudia mzee wetu aliyeuliza swali njiani. Tulimwomba ahesabu. Mama yake alipokuwa na watoto wadogo, ni nani walikuwa katika boma lile? Alianza kuhesabu kwa vidole. Bibi mzaa baba. Shangazi aliyeachika. Wake wawili wa baba wadogo. Dada zake wawili wakubwa, ambao hawakupelekwa shule. Alifika sita, akanyamaza. Kisha akasema, "Kumbe mama hakulea watoto wanane peke yake. Tulilelewa na watu saba."

Tulichoachiwa na waliotutangulia

Inawezekana mtu akasema haya ni mambo ya dunia, na Kanisa lina Neno lake. Basi tutazame Neno na historia ya Kanisa.

Kwenye kitchen party zetu tunapenda kumsomea bibi harusi Mithali sura ya 31, habari za mke mwema anayeamka kungali usiku. Mara chache tunasimama kwenye mstari wa 15, ambapo mke huyo anawapa vijakazi wake sehemu zao za kazi. Mke yule alikuwa na watu. Tumechukua orodha ya kazi zake, tukaacha orodha ya wasaidizi wake, tukamkabidhi binti wa miaka 24 mwenye chumba na sebule. Martha naye, tunayemtaja kwa kumkosoa, alilalamikia kwanza kuachwa atumike peke yake. Yesu hakumwambia aongeze mwendo. Alimwambia kwamba anasumbuka kwa mengi, na kinachotakiwa ni kimoja.

Musa alipokuwa akiamua mashauri ya watu tangu asubuhi mpaka jioni, mkwewe Yethro alimwona, akamwambia kwamba jambo lile si jema, atachoka yeye na watu pia, kwa kuwa ni zito kuliko awezavyo peke yake. Hakumfundisha Musa kuamka mapema zaidi. Alimwambia agawe kazi.

Sisi Walutheri tuna ushahidi wa karibu zaidi. Katharina von Bora aliolewa na Martin Luther mwezi Juni 1525, wakakaa Wittenberg katika nyumba iliyokuwa ya watawa. Walizaa watoto sita. Katharina alisimamia bustani, mifugo, kutengeneza bia, wanafunzi waliopanga pale na wageni wasiokwisha, na baadaye shamba la Zülsdorf. Luther alimwita nyota ya asubuhi ya Wittenberg kwa sababu ya kuamka kwake alfajiri. Tunamsifu kwa haki. Lakini hata yeye alikuwa na watumishi, na alikuwa na shangazi yake Magdalena, ambaye watoto walimwita shangazi Lena, aliyeishi nyumbani mwao na kusaidia kulea. Na pamoja na bidii yake yote, alizika mtoto Elisabeth mwaka 1528, na Magdalena mwaka 1542 akiwa na miaka 13. Bidii ya mama haiwezi kubeba kila kitu, na isihukumiwe kana kwamba inaweza.

Luther mwenyewe, mwaka 1522, kabla hajaoa, aliandika kuhusu maisha ya ndoa. Alimzungumzia baba anayefua nepi za mtoto na kufanya kazi nyingine za unyonge kwa ajili yake, huku watu wakimcheka kwamba amekuwa kama mwanamke. Alisema kwamba Mungu pamoja na malaika wake wanatabasamu, si kwa sababu baba yule anafua nepi, bali kwa sababu anafanya kazi ile kwa imani. Hayo yameandikwa zaidi ya miaka 500 iliyopita. Miaka saba baadaye, mwaka 1529, alitoa Katekisimo Ndogo, ile ambayo vijana wetu wa kipaimara wanaikariri. Angalieni vichwa vya sehemu zake: imeandikwa ili baba mwenye nyumba awafundishe watu wa nyumbani mwake kwa urahisi. Ilianza kama kitabu cha baba na watoto wake nyumbani. Sisi tumeifanya kazi ya mwinjilisti Jumamosi, na sala ya jioni tumemwachia mama pamoja na vyombo vya jioni.

Tulichobadilisha

Kikao cha baraza la wazee kilikaa tena. Tulifuta faini. Mazoezi ya kwaya tuliyahamishia Jumapili baada ya ibada, wakati watu wameshafika kanisani, na wazee wawili wa kiume walijitolea kukaa na watoto kwenye darasa la shule ya Jumapili kwa saa hiyo moja. Wiki ya kwanza ilikuwa na vilio vingi na suruali moja iliyolowa. Mwenye suruali alikuwa yule mzee wetu aliyehesabu kwa vidole. Alirudi wiki iliyofuata na mpira wa makaratasi.

Jumuiya zetu zimekubaliana kwamba nyumba yenye mtoto chini ya mwaka mmoja haiandai chai. Tunakwenda na chai yetu, na anayekwenda mapema anakwenda na ndoo ya maji. Mama aliyejifungua anapangiwa watu wa kumpikia na kumfulia kwa siku 40, kwa zamu, kama bibi zetu walivyofanya bila ratiba. Akina baba tumepewa kazi ngumu zaidi: kila mmoja achukue kazi moja ya kila siku ya mtoto iwe yake, kwa kudumu, bila kuombwa na bila kusifiwa. Kuogesha jioni. Kupeleka kliniki. Kusoma Katekisimo na watoto kabla ya kulala. Wengine tumefaulu, wengine bado tunajikongoja.

Kati ya wale akina mama watatu, wawili wamerudi kwaya. Wa tatu hajarudi. Alituambia kwamba saa ile Jumapili mume wake anabaki na watoto, naye analala, na kwamba ni usingizi wake pekee wa mchana katika juma zima. Tulitazamana. Hatukuandika jina lake kwenye orodha yoyote. Tulimwambia alale, na kwamba Bwana aliyelala kwenye mto wa chombo katikati ya dhoruba anaujua usingizi wa mtu aliyechoka.

Mwenye nyumba yenye watoto wadogo, jioni ya leo kaa na mwenzako mhesabu kama mzee wetu alivyohesabu. Andikeni kazi zote za siku upande mmoja. Upande wa pili andikeni mikono iliyopo. Mkiona upande wa pili una jina moja tu, msimwombee mwenye jina hilo nguvu zaidi kabla hamjaongeza jina la pili. Na usharika unaosoma haya nao utazame orodha yake ya waliopoa. Huenda humo kuna mtu ambaye hakupoa, ila hana wa kumpokea mtoto.